Jina Lako na Anwani Yako

418 Mtaa wa Fennimore
Tolliver, Oregon
2 Oktoba

Mheshimiwa Diwani Maxine Ostrander,

Natumaini hujambo. Jina langu ni Linnea Haugen, nina miaka kumi na minne na niko darasa la tisa. Mwalimu wetu wa uraia, Bwana Quarles, ametufundisha kwamba raia mwenye swali kuhusu sheria ya mji wake asinung'unike pembeni, bali amwandikie diwani wake. Diwani wetu ni wewe, ndiyo maana nakuandikia.

Nimeisoma mara mbili, pale maktaba, rasimu ya sheria ya kupiga kambi. Nimeelewa kwamba Bwana Sykes, yule mzee aliyetozwa faini kwa kulala kwenye bustani ya mji siku za barafu, aliishtaki Tolliver akashinda. Jaji alisema mji hauwezi kumwadhibu mtu kwa kulala nje ikiwa hauna kitanda cha kumpa. Sasa mnairekebisha sheria, na asiye na nyumba ataruhusiwa kupiga hema kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, katika maeneo yaliyochorwa kwenye ramani. Hilo naliona jema.

Lakini ukurasa wa nne unasema kwamba anayelala ndani ya gari hamo katika ruhusa hiyo. Kwake litabaki kosa, na gari lake litakokotwa. Swali langu ni hili: kwa nini aliyelala kwenye nyasi alindwe, na aliyelala kwenye kiti cha gari akokotwe? Mvua inayowanyeshea ni moja.

Samahani kama swali ni la kitoto. Ni kwa ajili ya somo.

Wako mtiifu,
Linnea Haugen

---

Tolliver, 9 Oktoba

Mpendwa Linnea,

Usishangae karatasi yenye picha ya waridi. Ni ya shamba langu la miche. Za mji zimeniisha, na nikiandika kwa mashine nakosea zaidi ya ninavyopatia.

Swali lako si la kitoto. Ni lile lile nililomuuliza mwanasheria wa mji, naye hakunijibu kwa ufasaha kama ulivyouliza wewe. Anasema jaji alizungumzia watu walio nje, na aliye ndani ya gari si mtu aliye nje. Mwenzangu Diwani Lorne Haskett, anayeuza vipuri vya magari pale Mtaa wa Pili, anasema kwa ufupi zaidi: "Mwenye usukani ana pa kwenda." Amelisema mara nyingi hadi watu wanalimalizia pamoja naye.

Rasimu itasomwa mara ya pili Jumanne, tarehe 7 Novemba. Tuko madiwani saba. Watatu tunataka magari yaingizwe, na tunahitaji mmoja tu zaidi. Kama unaifahamu familia ya kweli inayoishi hivyo, niandikie habari zao. Hoja isiyokuwa na mtu ndani yake haimsogezi Lorne hata kidogo.

Au njoo uzungumze mwenyewe. Kila mwananchi ana dakika tatu. Kabla hujaanza, karani atakuomba utaje jina lako na anwani yako kwenye kipaza sauti. Usiogope, ni desturi tu.

Wako,
Maxine Ostrander
Diwani, Kata ya Tatu

---

13 Oktoba

Mpendwa Bi Ostrander,

Asante kwa kunijibu kwa mkono wako. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za 418 Fennimore, kwa sababu mlango umefungwa na sisi hatuna ufunguo.

Naomba radhi, sikukudanganya kabisa lakini sikusema yote. Tuliishi 418 mpaka mwezi wa sita. Mwenye nyumba aliipandisha kodi, tukatoka, naye anaikarabati kwa ajili ya wengine. Sanduku la barua bado lipo pale kwenye nguzo, na kila siku nikitoka shule napita kulifungua. Ndiyo anwani tunayoitumia shuleni pia.

Familia uliyoiulizia ni sisi. Tuko watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Posy mwenye miaka sita. Tunalala kwenye van ya buluu, nyuma ya kanisa la Kilutheri la Mtaa wa Alder. Hapo hakuna aliyeturuhusu, na hakuna aliyetufukuza. Tukifukuzwa kitakachobaki ni barabara ya mji, na huko ndiko sheria yenu itakakotukamata. Mama anafanya usafi katika nyumba ya wazee, na hajawahi kukosa kazi hata siku moja. Ukimwambia hatuna makazi atakujibu: "Nani kasema? Tunayo, tena yana magurudumu manne, na ukitukera tunahama nayo."

Hatuwezi kuhamia kwenye hema. Posy ana pumu. Kifua kikimbana anatumia mashine ya mvuke wa dawa, na mashine hiyo inapata umeme kutoka betri ya gari. Gari likikokotwa, mashine haina pa kuchomekwa. Na Mama mkubwa Gail, aliyeko Boise, ameshasema atamchukua Posy siku tutakayokosa gari. Nafasi aliyonayo ni ya mtoto mmoja.

Nimekuandikia wewe peke yako. Mama hajui. Shule haijui. Nimeandika SIRI nje ya bahasha na kupiga mstari chini yake. Tafadhali tumia habari hizi kuwashawishi wenzako, ila usiseme ni za nani.

Wako,
Linnea

---

Tolliver, 19 Oktoba

Mpendwa Linnea,

Naandika kwa haraka kati ya mkutano na mkutano. Sijamwambia mtu, na sitamwambia. Nimewasilisha kifungu kipya: gari linalotumika kama mahali pa kulala lihesabiwe sawa na hema, kwa saa zile zile, katika maeneo yale yale. Lorne alikikoromea, lakini kimeingia kwenye ajenda.

Barua yako iko salama ofisini kwangu, Jumba la Mji. Karani ameigonga muhuri wa kupokelewa, na nimeiweka kwenye faili la sheria hii, pale juu kabisa, ili nisiisahau sababu ya kupigana.

Ukiwa na shida usingoje posta. Njoo.

Maxine Ostrander

---

30 Oktoba

Kwa Diwani Ostrander,

Leo Bwana Quarles alitufundisha namna ya kusoma makabrasha ya baraza. Aliyafungua kwenye tovuti ya mji na kuyaonyesha ukutani ili tuone jinsi wananchi wanavyoshiriki. Akawa anashusha kurasa: ramani, maoni ya mwanasheria, barua za wananchi. Niliutambua mwandiko wangu kabla sijasoma neno. Herufi g naiandika kwa mkia mrefu.

Barua yote ilikuwepo. Kanisa, Posy, mashine, Mama mkubwa Gail. Hata bahasha ilipigwa picha, na neno SIRI linaonekana vizuri sana.

Bwana Quarles alizima ukuta haraka, lakini watoto wanasoma haraka zaidi. Trace Mulvaney akaniuliza kama sisi tukihama tunabadilisha anwani au tunabadilisha tairi. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sijui kwa nini.

Jioni mchungaji alikuja mwenyewe. Alisimama mvuani bila mwavuli, akamwambia Mama kwamba alijua tangu mwezi wa nane na alikuwa anafumba macho. Sasa limeandikwa, na watu wa bima ya kanisa wameshapiga simu. Ametuomba tuondoke kabla ya Jumatano. Alikuwa analia. Ikabidi Mama ndiye ambembeleze.

Mimi Mama hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ulimwambia mgeni kabla ya kuniambia mimi?"

Usiandike tena 418. Leo nimekuta nguzo imeng'olewa.

Linnea Haugen

---

Tolliver, 31 Oktoba
Kwa mkono wa Bwana Quarles

Linnea, mwanangu,

Sina cha kujitetea, nitakueleza tu ilivyotokea. Kila karatasi inayomfikia diwani ofisini kuhusu jambo lililo kwenye ajenda ni mali ya umma. Karani analazimika kuiweka mahali ambapo kila mtu ataiona. Sheria hiyo naijua kama ninavyojua jina langu, nimekaa kwenye kiti hiki miaka sita. Lakini barua yako niliisoma kama bibi, si kama diwani. Kisha nikaiacha ofisini, wakati ingekaa mfukoni mwangu isingemhusu mtu. Ukaandika SIRI, nami nikaipeleka mwenyewe mahali pasipokuwa na siri.

Nimemsihi karani aiondoe. Anasema haruhusiwi kuondoa, anaruhusiwa kufuta anwani tu. Amezifuta, ile ya Fennimore na ile ya kanisa. Kwenye karatasi sasa mna mistari miwili mieusi. Najua haisaidii kitu.

Mambo mawili. La kwanza, shule haiwezi kukuondoa kwa sababu ya mahali unapolala. Sheria ya nchi inakulinda, na Bwana Quarles atakueleza vizuri. La pili, shamba langu la miche liko mwisho wa Barabara ya Hollis. Ni ardhi yangu, si ya mji, na marufuku haifiki huko. Kando ya banda la kioo pana sehemu tambarare, na ukutani pana soketi ya umeme. Mwambie mama yako. Asiponitaka mimi, aitake soketi.

Lorne ameisoma barua yako. Anauliza kama mtoto huyo yupo kweli, au ni mimi niliyemtunga. Sikuombi uje Jumanne. Umeshatoa vya kutosha.

Maxine

---

Tolliver, 3 Novemba
Kwa mkono wa Bwana Quarles

Linnea,

Bwana Quarles anasema hujaonekana shuleni tangu Jumatano. Nimepita nyuma ya kanisa, hakuna kitu. Nimepita uwanja wa malori, kingo za mto, maegesho ya duka kubwa, na mtaa wenu wa zamani. Nimegonga kioo cha van moja ya buluu nikidhani ni yenu, akaamka mwanamume mwenye ndevu akanitukana, na nilistahili.

Nimepiga simu nyumba ya wazee. Wamesema mama yako amebadilishana zamu.

Kama barua hii itakufikia, nijibu neno moja. Mdogo wako anapumua?

Maxine

---

5 Novemba

Mpendwa Bi Ostrander,

Barua hii nimeipenyeza mwenyewe chini ya lango la shamba lako, kwa kuwa ofisi yako siiamini tena. Usikasirike. Ni Jumapili na hapakuwa na mtu. Nimeiona ile sehemu tambarare. Nimeiona na soketi.

Barua ya kwanza niliipata kwa Bwana Quarles. Nilimwonyesha Mama. Alisema hatutaenda kuegesha uani kwa mtu aliyetutangaza mji mzima, na kwamba watu wema wa namna hiyo huwa wanataka uwashukuru kila asubuhi. Nakuambia alivyosema kwa sababu nimechoka kuficha.

Tangu Jumatano tumehama kila siku. Ijumaa tulibandikiwa kibandiko cha rangi ya chungwa kwenye kioo cha mbele: gari likikutwa tena kwenye barabara ya mji likiwa na watu waliolala, litakokotwa. Basi tukaenda nje ya mji, kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu. Huko ni baridi zaidi. Jana alfajiri kifua cha Posy kilibana. Tukawasha mashine, mashine ikaimaliza betri, na betri ilipokwisha Posy alikuwa bado hajapata hewa na gari haliwaki. Mama alimbeba akakimbia kuelekea barabarani. Mimi niligonga malori. Dereva mmoja wa lori la mbao alituazima waya, gari likawaka kwa betri yake, tukafika hospitali.

Posy yuko salama. Anakula jeli ya kijani na kuwaonyesha wauguzi jino linalolegea. Lakini mfanyakazi wa ustawi wa jamii alimuuliza Mama anwani, Mama akasema 418 Fennimore, na yule mama akatazama kompyuta yake, akaacha kuandika. Aliijua barua yangu.

Mama mkubwa Gail anakuja Alhamisi kumchukua Posy. Mama ameshakunja nguo zake. Amezikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Nilimwambia sheria ikipita tutaweza kulala bila kukokotwa, na Mama mkubwa atakosa sababu. Akasema, "Sheria, Linnea? Bado unaamini karatasi?"

Lakini ndiyo, bado naamini. Sina kitu kingine cha kuamini.

Nitakuja Jumanne. Sijui nitasema nini karani akiniuliza ile anwani.

Linnea

---

Tolliver, 8 Novemba
Kwa mkono wa Bwana Quarles, upesi

Mpendwa Linnea,

Ulilazimika kuwahi basi la kurudi hospitali, kwa hiyo nitakuandikia uliyoyakosa. Lakini kwanza uliyoyafanya, kwa sababu nadhani hukujiona.

Karani alikuambia kama anavyowaambia wote: jina lako na anwani yako, kwa ajili ya rekodi. Ulitaja jina. Kisha ukakaa kimya muda mrefu hata mwenyekiti akainama kutazama kama kipaza sauti kinafanya kazi. Ukasema: "Sina. Mpaka wiki iliyopita ilikuwa nyuma ya kanisa. Ya usiku wa leo mtaniambia ninyi."

Yule bwana wa safu ya mbele aliyekuja na bango la kupinga aliliweka sakafuni, uso wa bango chini.

Lorne akakuuliza ile mashine inakula betri ya ukubwa gani, nawe ukamjibu. Wengine walidhani anakudhihaki. Mimi namfahamu, alikuwa anauliza kweli.

Ulipotoka tukapiga kura. Kura ya nne ilitoka kwa Delphine Roark, ambaye tangu achaguliwe sijamsikia akisema zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Alisema "ndiyo". Kifungu cha magari kimepita, wanne kwa watatu.

Sasa lililo baya, na sitakuficha. Sheria ya mji haianzi kazi siku inapopitishwa. Inangoja mwezi mmoja. Niliomba ianze mara moja kwa dharura, lakini hilo linataka kura tano na nilipata nne. Kwa mwezi huu wote kibandiko chenu cha chungwa bado kina nguvu. Nilimtazama Lorne. Alitazama meza.

Asubuhi hii alikuja shambani. Alipiga kura ya hapana na hakuiombea radhi. Alishusha betri mbili mpya kutoka kwenye pikapu yake, moja ya gari na moja ya akiba, akaziweka kwenye benchi la miche. Akasema: "Mwambie binti asiniandikie barua ya shukrani. Itaingia kwenye rekodi." Akaondoka.

Lango la shamba nimeliacha wazi. Sitaki shukrani asubuhi wala jioni. Mama yako akitaka kunitukana, naamka saa kumi na moja.

Maxine

---

10 Novemba

Mpendwa Bi Ostrander,

Ulitusikia tukiingia jana asubuhi, kwa sababu taa ya jikoni kwako iliwaka na pazia likasogea. Asante kwa kutotoka nje. Mama alikuwa anajiandaa kugombana na ungetoka angegombana.

Nilimsomea barua yako hospitalini. Nilipofika kwenye "asiponitaka mimi", maana niliirudia na ile ya kwanza, akaguna. Kisha akauliza kama banda la kioo lina mtu wa kulifagia. Nikasema sijui. Akasema basi atakuwa yeye, kila Jumapili, la sivyo haendi. Nakuomba umkubalie na usimwambie apumzike.

Mama mkubwa Gail alifika saa sita mchana. Alikuja na kiti cha mtoto tayari kimefungwa nyuma ya gari lake. Alizunguka van, akatazama waya ulioingia dirishani, akatazama mashine ikifanya kazi na Posy akivuta mvuke huku anachora. Kahawa ya Mama aliinywa amesimama. Aliuliza sheria inaanza lini, nikampa tarehe, nikamwonyesha na kifungu. Alikisoma chote. Mwisho alimwambia Mama, "Renata, nitarudi Krismasi. Nikimkuta anakohoa, nitaondoka naye." Mama akasema, "Njoo na keki."

Aliondoka na kiti kitupu. Mama alisimama langoni mpaka gari lilipopotea, kisha akaenda nyuma ya mifuko ya udongo, na mimi sikumfuata.

Sijui Krismasi itakuwaje. Sijui kama Posy atakohoa. Baridi bado haijaanza hasa. Usiku wa kuamkia leo niliamka mara kadhaa kusikiliza, na kila mara nilisikia pumzi yake, ya Mama, na mlio mdogo wa mashine yenyewe.

Kuna jambo moja nimelifikiria. Bwana Quarles anasema baraza linapokea maoni ya wananchi kuhusu sheria mpya mpaka siku itakapoanza. Barua hii nimeisukuma chini ya mlango wako wa jikoni, kwa hiyo ni ya mfukoni mwako, ni yako tu. Lakini ukitaka, mpelekee karani. Nimemuuliza Mama na safari hii amekubali.

Mwambie asifute anwani.

Linnea Haugen
Van ya buluu, kando ya banda la kioo
Shamba la Miche la Ostrander, Barabara ya Hollis
Tolliver, Oregon